Kodi Ndogo, Kuingia Ghali

Wanafunzi wakianza kuingia Kisangani kutoka Isangi, Buta na Bafwasende, simu yangu hainyamazi. Mimi ni komisyonere, kazi yangu kuwatafutia watu nyumba, na karibu kila anayepiga ana swali lilelile: “Mama, kuna chumba cha bei ya chini?” Vipo. Ila kodi ya mwezi ni sehemu ndogo tu ya fedha atakazotoa.

Tuseme chumba ni dola 30. Kwa 30 hupewi ufunguo. Mwenye nyumba anataka garantii, yaani amana, na wapo wanaodai ya miezi sita, hata kumi. Sheria ya Kongo (DRC) namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garantii ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu: yaani 90, si 300. Wenye nyumba wengi wanaifahamu vizuri. Wapangaji nao, hata wakiifahamu, watabishana vipi huku mwingine amesimama mlangoni na fedha mkononi? Hapo juu weka ujira wangu, kodi ya mwezi mmoja, ninaoupokea ukishakabidhiwa ufunguo. Komisyonere anayetaka fedha kabla hujaiona nyumba, mwache aende zake.

Komuni ya Makiso ndiko kwenye ofisi, maduka makubwa na Chuo Kikuu, na bei zake zinajulikana. Ukienda komuni za Tshopo, Mangobo au Kabondo, bei inashuka, lakini mara nyingi unachopata ni chumba kimoja au viwili ndani ya parsele yenye familia nne au tano, choo kimoja, na bomba moja kama lipo. Usiharakie kutazama rangi ya kuta. Msalimie mama anayefua nguo uani, kisha muulize: maji ya REGIDESO yanatoka saa ngapi? Bili ya umeme ya SNEL mnagawanaje? Mwenye friji analipa sawa na mwenye balbu moja? Ugomvi mwingi ninaoitwa kuamua unatokana na friji. Bwawa la umeme la Tshopo tunalo mjini humu humu, tangu enzi za Wabelgiji, lakini mashine zikisumbua delestaji inaingia, umeme unakuja kwa zamu, na wewe unarudi kununua makaa.

Napenda kuonyesha nyumba mvua ikinyesha. Wenye nyumba hawafurahi, lakini mji huu hunyeshewa karibu mwaka mzima, na bati linalovuja halifichiki.

Halafu kuna Lubunga, komuni pekee kati ya sita iliyo ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Kule dola zilezile zinakupa vyumba viwili na mahali pa kupanda mchicha. Daraja hakuna. Anayesoma au kufanya kazi upande huu anavuka kwa pirogi asubuhi na jioni, kisha anapanda pikipiki kutoka bandarini, na akichelewa mjini inabidi alale kwa ndugu. Nikiwapigia hesabu ya mwezi, wengi hurudi kuulizia Kabondo. Mwaka 2023 mapigano ya jamii za Wambole na Walengola kuhusu ardhi yaliwafukuza wengi Lubunga, nao walivuka wakitafuta popote pa kulala. Kwa mtu wa namna hiyo, neno garantii ni tusi.

Mkataba uandikwe, upelekwe kwenye ofisi ya makazi ya komuni, Habitat. Mzee mmoja wa Mangobo alinuna: “Kwani hatuaminiani?” Nikamwambia, “Papa, andika tu, hata watoto wako watausoma.” Andikeni kiasi cha garantii na nani atengeneze paa. Garantii inapaswa kurudishwa siku ya kuhama, lakini mara nyingi mwenye nyumba ameshaitumia kulipia ada ya shule au matanga. Ndiyo maana wapangaji wengi hapa hawangoji kurudishiwa. Wanatoa taarifa, kisha wanakula garantii yao: wanakaa bila kulipa mpaka iishe, ndipo wanaita mkokoteni.