Wakanda Forever: filme iliyojua kulilia mtu, ikasahau kulilia mmea

Leo nitaacha kidogo mambo ya mbolea na udongo, nitaongea juu ya filme. Lakini mwenye kunijua anajua: hata nikianza na filme, nitaishia shambani tu.

Filme yenyewe ni Black Panther: Wakanda Forever, ya Ryan Coogler, iliyotoka Novemba 2022. Ni ya pili. Ile ya kwanza ilitoka 2018, na sisi tuliiangalia tukiwa bado wanafunzi, watu kumi na wawili mbele ya ordinatere moja, grupu ya umeme inanguruma nje, kila mtu ametoa franka zake za mafuta. Siku ile tulitoka tukitembea kama wafalme. Kwa hiyo ya pili nilikuwa naingojea kama mtoto anavyongojea sikukuu. Nimeiangalia mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilichukua daftari. Kama hujaiangalia bado, nakuonya: nitasema mpaka mambo ya mwisho.

Kilichonigusa

Chadwick Boseman, aliyecheza mfalme T'Challa, alikufa tarehe 28 Agosti 2020 kwa kansa ya utumbo, akiwa na miaka 43. Ugonjwa ulijulikana tangu 2016, maana yake ile filme ya kwanza aliicheza akiwa mgonjwa, na watu wengi hawakujua. Coogler alikuwa amekwisha kuandika hadithi nyingine yenye T'Challa katikati. Ikabidi kuandika upya. Angeweza kuweka mtu mwingine avae nguo ile ile, kama wanavyofanyaka na mashujaa wengine. Hakufanya hivyo. Katika filme mfalme anakufa, na nchi nzima inavaa nyeupe inamzika.

Sisi watu wa huku tunajua matanga ni nini. Tunajua kwamba mtu akifa, kazi inasimama, watu wanakuja kukaa. Filme kubwa ya feza nyingi kusimama hivyo, kuacha picha za marehemu zipite kimya bila muziki, mimi niliona ni heshima. Na Angela Bassett, anayecheza mama malkia Ramonda, alibeba huzuni ile mpaka akapata Golden Globe mwaka 2023. Ruth Carter, mwenye kushona nguo zile, alipata Oscar yake ya pili kwa Wakanda hii hii. Ya kwanza aliipata kwa filme ya 2018. Zote mbili walistahili.

Kingine kilichonigusa ni siasa yake. Mwanzoni malkia anasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule Geneva. Wakubwa wa dunia wanamlaumu kwamba Wakanda haigawi vibranium, ile madini yao ya ajabu. Yeye anawaletea wafungwa, askari wenye silaha waliokamatwa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali ili waibe. Walikuwa wanazungumza Kifaransa. Mambo hayo yalimuuma mpaka waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, akalalamika hadharani Februari 2023. Mtu wa Kalemie akiangalia sehemu ile hahitaji kuelezwa. Manono iko katika mkoa wetu huu wa Tanganyika. Litiamu ya pale inagombaniwa na makampuni mpaka kwenye mahakama za nje, na mwenye kijiji juu ya litiamu ile anawasha kibatari.

Kilichonikasirisha kidogo

Wamarekani ndio wanateremsha mashine baharini kutafuta vibranium. Pale chini wanawagusa watu wa Talokan, nchi ya Namor, ambayo nayo ina vibranium na nayo inajificha. Kuanzia hapo ungefikiri Wakanda na Talokan watasimama pamoja. Hapana. Wanapigana wao kwa wao mpaka mji wa Wakanda unafurika maji na malkia anazama. Wenye mashine wako kwao, wazima.

Sisemi ni uongo. Wenye mali kupigana wakati mnunuzi anangojea, hiyo sisi tumeiona. Lakini filme inalieleza jambo hilo kama hasira ya mtu mmoja na kisasi cha mwingine, halafu wanapatana, basi. Nilitaka ikae hapo zaidi. Badala yake wanatupeleka kwa wapelelezi wa Marekani na mambo yao ya ndoa iliyovunjika. Ndani ya filme ya saa mbili na dakika arobaini, nafasi ilikuwepo.

Hata hivyo, hilo naweza kulisamehe. Lisilonitoka kichwani ni mmea.

Mambo ya mmea wenye umbo la moyo

Mkumbuke: nguvu za Black Panther hazitoki kwenye nguo. Zinatoka kwenye mmea unaoota katika udongo wenye vibranium, na ua lake lina umbo la moyo. Katika filme ya kwanza kuna bustani ya mmea huo, na kuna mama mzee anayeitunza pamoja na wenzake. Killmonger anapochukua kiti cha ufalme anakunywa dawa yake, kisha anaamuru bustani yote ichomwe. Yule mama anakataa, anashikwa shingo. Bustani inaungua. Nakia, anayechezwa na Lupita Nyong'o, anaiba mmea mmoja tu, na huo unatumika kumuamsha T'Challa. Basi. Umekwisha duniani.

Nilipoiangalia 2018 sikuona kitu. Nilikuwa nangojea vita. Leo, nikiwa na lisanse ya agronomia na vidole vimejaa udongo, naona kosa la kwanza: nchi yenye akili kuliko zote duniani ilikuwa imeweka mmea wake wote mahali pamoja. Hakuna shamba la pili kwa watu wa Jabari kule mlimani. Hakuna mbegu iliyofichwa.

Katika filme ya pili, Shuri, dada ya T'Challa, anatafuta kuutengeneza upya kwa mashine ili amponyeshe kaka yake. Anashindwa. Hapo niliwapigia makofi, sababu ndiyo kweli yenyewe: mmea uliopotea hauulizi kama una haraka. Lakini baadaye Namor anampa bangili ya mama yake, iliyosukwa kwa nyuzi za mmea wa Talokan. Shuri anachukua nyuzi zile, anasoma habari za uzazi zilizomo, anajaza pengo, na mashine inaujenga mmea mbele ya macho yetu. Anakunywa. Ni Black Panther.

Najua ni filme. Mtu anaruka kutoka gorofa na hafi, mimi siandiki kitu. Lakini mambo haya mawili yalinisumbua, na nitawaeleza juu ya nini.

La kwanza: hata ukipata mmea mmoja kwa mashine, hujapata bustani. Ukizalisha shamba zima kutoka mmea mmoja huo, umepanda mmea mmoja mara mia. Ugonjwa mmoja ukijua namna ya kuingia kwa wa kwanza, unajua namna ya kuingia kwa wote. Muhogo wetu ulitufundisha hilo. Muhogo tunaupanda kwa vipande vya mti, si kwa mbegu, kwa hiyo kila kipande ni nakala ya mama yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, aina kali ya mozaiki, ule ugonjwa wa kukunja majani na kuyatia madoa ya njano, ilitokea Uganda ikaenea mpaka huku Kongo. Inzi weupe wanaubeba, na sisi wenyewe tunaubeba tukipeana miti yenye ugonjwa. Aina zinazovumilia, kama zile zinazoitwa Sawasawa na Obama, ziliwezekana sababu watafiti walikuwa na muhogo wa namna nyingi wa kuchagua na kuchanganya. Bila wingi ule, hakuna wa kuchagua.

La pili: hakuna mwenye kumuita yule mama wa bustani. Shuri yuko laboratwari na mashine yake. Mtu aliyejua mmea ule unapenda kivuli gani, unachumwa lini, unachanganywa na nini, haulizwi. Filme inatuonyesha kana kwamba kumbukumbu yote ya mmea iko ndani ya seli zake. Nusu nyingine iko katika kichwa cha mtu.

Mama mukubwa na muhogo wake

Nina mama mukubwa ambaye alikuwa analima upande wa Nyunzu. Wakati wa machafuko ya Watwa na Waluba, mwaka 2017, alikimbia na watoto na sufuria, akaja kukaa katika moja ya kambi za wakimbizi zilizojaa kandokando ya Kalemie. Shamba lilibaki na muhogo ndani. Aliporudi baada ya miaka miwili, alikuta pori. Muhogo ulikuwa umeng'olewa, miti imekauka au imechomwa.

Kwa mahindi angeweza kuficha gunzi mbili ndani ya nguo. Gunzi moja ina punje mamia, unaanza tena. Muhogo haufanyi hivyo. Mti uliokatwa, ukiuweka vizuri kivulini, unakaa mwezi mmoja, labda miwili, halafu unakufa. Hata ukianza vizuri, mmea mmoja unakupa kama vipande kumi tu vya kupanda, tena unangojea mwaka. Na ukiokota mbegu ya kweli, ile ya ndani ya tunda, inakuotea mtoto asiyefanana na mama.

Alipewa miti mipya, nayo iko mizuri: haishiki mozaiki, inazaa vizuri. Halaumu mtu. Lakini siku moja nimemtembelea, tunakula bukari na sombe, akaniambia:

«Mutoto wangu, si ulisomea mimea? Basi unirudishie muhogo yangu.»

Nikamuuliza, «Ile ipi, mama mukubwa?»

Akaanza kueleza. Vikonyo vyekundu. Mtamu, watoto wanakula bila kuchemsha. Majani laini kwa sombe. Halafu akasema kitu ambacho sikukisoma mahali popote: muhogo ule ulikaa ndani ya udongo miaka miwili bila kuoza. Ndiyo ilikuwa benki yake. Mwaka wa njaa anachimba, mwaka wa neema anauacha. Huu mpya ukiuchelewesha, unaoza.

Sikuwa na jibu. Sikuwa na bangili, sikuwa na mashine. Nilitembea vijiji vitatu nikiuliza, nikionyeshwa vikonyo vyekundu vya kila namna, hakuna ule. Mambo ya filme yalinirudia pale barabarani: sisi tunaweza kuhesabu watu waliokufa na nyumba zilizochomwa. Mimea iliyokufa pamoja nao hakuna aliyeiandika.

Kinachowezekana kweli

Kurudisha mmea kunawezekana, lakini kazi yake inafanyika kabla ya moto. Syria ilikuwa na benki kubwa ya mbegu kule Aleppo, ya kituo cha ICARDA. Kabla vita havijaifunga, nakala za mbegu zilikuwa zimekwisha kutumwa kwenye ghala la Svalbard, Norway, lililofunguliwa 2008 ndani ya mlima wa barafu. Mwaka 2015 ICARDA ilienda kuchukua mbegu zake, ikazipanda upya Lebanon na Morocco, na baadaye ikarudisha nakala mpya kule Svalbard. Hawakuwa na akili kuliko Wakanda. Walikuwa na shamba la pili.

Muhogo hauwekwi Svalbard kwa vipande. Unatunzwa ukiwa hai, mche mdogo ndani ya chupa, kama wanavyofanya IITA kule Ibadan, Nigeria. Sisi wenyewe tuna INERA, mrithi wa INEAC iliyoanzishwa 1933, na Yangambi yake iliyokuwa ikijulikana dunia nzima kwa utafiti wa mimea. Lakini chupa ya Ibadan haiwezi kutunza muhogo ambao hakuna aliyeupeleka.

Kwa hiyo hukumu yangu: filme iko nzuri, iangalie, na ulie pale pa kulia. Kwa kumlilia mtu, sijaona filme ya mashujaa iliyofanya vizuri kuliko hii. Kwa kulilia mmea, ilipita haraka.

Na kwako wewe uliyemaliza masomo, hata kama ulisomea sheria au hesabu: ukienda kijijini mwaka huu, muulize mama yako, au mama mukubwa, anapanda muhogo wa namna ngapi. Andika jina analoutajia, rangi ya vikonyo, miezi ya kuvuna, unakaa udongoni muda gani. Halafu omba vipande kumi visivyo na madoa ya mozaiki, uvipande kwa mtu mwingine, mbali na pale. Vipande kumi havina uzito, vinaingia kwenye mfuko mmoja.

Mimi bado natafuta ule wa vikonyo vyekundu, usiooza miaka miwili. Kama kwenu uko, uniambie. Mama mukubwa anangojea.