Land Rover hailiwi na ziwa, inaliwa na jirani yake

UWANJA wa CCM Kirumba na soko la Mwaloni ni majirani. Huku watu wanashangilia mabao, kule wanapakia dagaa na samaki wanaokwenda hadi Congo. Na katika ukanda huu wote wa ziwa, bado utakutana na Land Rover kuukuu, 109 na 110, ambazo mtaani zinaitwa Difenda tu.

Zinabeba mzigo, zinabeba mahari, zinabeba msiba. Timu ya mtaa ikipata mechi ya ndondo Misungwi au Sengerema, zinabeba na wachezaji, kipa kakaa juu ya tairi la akiba.

Sifa yake kubwa inajulikana: bodi haishiki kutu. Ni kweli, haishiki kutu. Lakini inaliwa, na wengi wanashtuka siku ambayo kidole kinatoboa mlango.

BODI YA NDEGE, MIFUPA YA CHUMA

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgawo, lakini aluminiamu iliyozoeleka kutengenezea ndege ilikuwepo. Kampuni ya Rover ikaamua: mifupa iwe ya chuma, ngozi iwe ya aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu kidogo.

Usajili ulikuwa mzuri. Bodi nyepesi, inanyooka kwa nyundo, na ikichubuka inajifunika yenyewe kwa utando mwembamba unaozuia isiendelee kuharibika.

Tatizo ni pale ngozi inapokutana na mfupa. Aluminiamu ikigusana na chuma, halafu maji yakaingia katikati, panakuwa kama betri ndogo. Umeme kidogo unapita, na katika mchezo huo anayeumia ni aluminiamu. Ni kama mabeki wawili wa kati wasioelewana. Mmoja mmoja ni wazuri, ukiwapanga pamoja siku ya mvua, mmoja anateketea.

Ndiyo maana katikati ya bonеti unakuta pazima, lakini chini ya milango pameoza. Mlango wa zamani ni fremu ya chuma iliyokunjiwa bati la aluminiamu. Maji yakishuka na tope likiziba njia za kutokea, yanabaki humo. Dalili si wekundu. Ni rangi inayotoka malengelenge, na ukiikwangua chini yake kuna unga mweupe.

KAYABO NA SARUJI

Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo gari la Mwanza lina nafuu kuliko lililozeekea ufukweni Zanzibar. Nafuu hiyo inapotea gari likianza kubeba kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi. Maji yake yakidondoka nyuma na kuingia kwenye maungio, betri ile inapata nguvu mara nyingi zaidi. Saruji mbichi nayo inaila aluminiamu. Gari likishusha mzigo wa aina hiyo, lioshwe kwa maji mengi siku hiyo hiyo, hasa chini na kwenye kona.

PUTI NI PASI YA NYUMA

Sasa gari limetoboka. Njia ya mkato inajulikana gereji zote: jaza puti, piga msasa, puliza rangi. Gari linang'aa, mwenye gari anapiga picha. Masika mawili baadaye puti inabanduka kipande kizima, kwa sababu ule unga mweupe uliachwa ndani na kazi yake haikusimama hata siku moja.

Mkato mwingine ni mbaya zaidi: kiraka cha bati la chuma. Hapo fundi hajamtoa adui, amemwongeza namba.

Anayenunua gari kuukuu aende na sumaku. Kwenye matoleo ya zamani, bati la madigadi na ngozi ya mlango havipaswi kuinasa. Ikinasa, kuna kiraka cha chuma. Kuhusu puti, gonga kwa kidole usikilize. Palipojazwa panatoa sauti nzito, imekufa.

KAZI YENYEWE

Fundi bodi anayejua kazi anaanza kwa kukata. Sehemu yote iliyooza inatoka mpaka afike kwenye bati zima linalong'aa. Brashi ya waya aliyosugulia chuma haigusi hapo, maana inaacha chembe za chuma zinazoanzisha ugonjwa upya.

Kiraka kinatoka kwenye bati la aluminiamu la unene uleule. Likiwa gumu kukunja, kuna ujanja wa zamani: paka sabuni ya mche, pitisha moto wa gesi taratibu hadi sabuni iwe nyeusi, acha lipoe. Bati linalainika. Sabuni ni muhimu kwa sababu aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma. Inafika nyuzi 660 na kuanguka chini bila kuaga. Fundi aliyezoea kuchomelea chuma anaweza kubaki na tundu kubwa kuliko alilolikuta. Bila mashine ya gesi ya agoni, ribiti za aluminiamu ni salama zaidi.

Kabla ya kufunga, fremu ya chuma isuguliwe kutu na kupakwa praima. Kisha kati ya chuma na aluminiamu iwekwe kizuizi: rangi nzito, mpira au gundi isiyopitisha maji. Hapa ndipo mechi inaposhinda au kupotea. Bati lililosuguliwa lipakwe praima ya aluminiamu mapema, na matundu ya kutolea maji chini ya mlango yazibuliwe.

Na usiishie kwenye bodi. Chesisi ni chuma, na bodi safi inaweza kufunika chesisi iliyooza. Gari litakalobeba wachezaji 15 likaguliwe chini kwanza, rangi baadaye.

SUFURIA AU BARABARANI

Mashabiki wa Mwanza wanalijua somo hili. Pamba, bingwa wa nchi 1990, alikaa nje ya Ligi Kuu miaka 23 mpaka aliporudi 2024. Jezi mpya peke yake haikuwahi kumpandisha mtu daraja.

Difenda ya muundo ule wa zamani ilitoka kiwandani Solihull mara ya mwisho Januari 29, 2016. Bati linalokatwa leo na kutupwa linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, linayeyushwa, linakuwa sufuria. Mlango uliotengenezwa vizuri unarudi barabarani. Uliojazwa puti, masika mawili tu, nao utapikia ugali.