Mkono ukirefuka, jicho limeanza kuzeeka

Katika kituo cha pamoja cha mpakani Busia, si ajabu kumwona mfanyabiashara wa makamo akiishika fomu ya forodha mbali na uso, kisha akimwomba kijana amsomee. Wengi hudhani ni uchovu wa safari. Ukweli ni kwamba ni umri.

Ngozi hutupa seli zilizochoka na kuotesha nyingine. Lenzi ya jicho haitupi kitu. Seli ambazo mtu alizaliwa nazo hubaki katikati, na mpya hujipanga juu yake maisha yote, mfano wa maganda ya kitunguu. Kufikia miaka 40 hivi lenzi imekakamaa, na misuli midogo inayoizunguka haiwezi tena kuibadilisha umbo ili ione karibu.

Kwa anayevuka mipaka, hasara huingia hadi mfukoni. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unawaondolea ushuru wa forodha wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, iwapo bidhaa zimo kwenye orodha na zimetoka nchi wanachama. Lakini cheti cha uasili lazima kijazwe. Asiyeona herufi ndogo hulipa wa kumjazia, na hutia saini asichokisoma. Hali ni hiyo kwa ujumbe wa pesa za simu na tarehe za mwisho za bidhaa.

Dawa yake ni nyepesi: miwani ya kusomea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 nchini Bangladesh uliwafuatilia watu 824 wa miaka 35 hadi 65, wengi wao wa kipato kidogo. Baada ya miezi minane, kipato cha kati cha waliopewa miwani kilipanda kutoka dola 35 hadi 47 kwa mwezi. Cha wasiopewa kilibaki palepale.

Hata hivyo, si kila ukungu ni wa lenzi kukakamaa. Mtoto wa jicho, shinikizo la macho na kisukari navyo hupunguza uoni, na shinikizo la macho mara nyingi huja kimyakimya. Ndiyo maana ni vyema kupimwa macho kwanza kabla ya kununua miwani barabarani. Siku hiyohiyo presha nayo ipimwe, kwani mishipa ya damu pia hukakamaa kadiri umri unavyosonga.

Mzani wa sokoni hukaguliwa kila mwaka. Jicho linalousoma nalo lina haki hiyo.