Tupime Kwanza, Ndipo Tununue
Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Tangu hapo wapo wakuu wa ofisi watakao kompyuta zote za mezani zitupwe, zinunuliwe mpya. Sisi twauliza: je, zimepimwa? Mashine nyingi huzorota kwa sababu ya diski ya kuzunguka na uhaba wa kumbukumbu. Zikitiwa diski ya SSD na kumbukumbu ya gigabaiti 8, huchapa kazi tena kwa gharama ndogo. Lakini ile isiyo na TPM 2.0, kifaa cha usalama kinachodaiwa na Windows 11, iwekewe Linux au istaafishwe. Taarifa za wananchi zisiachwe bila ulinzi. Fedha za umma ni amana. Upya peke yake si hoja. Hoja ni kazi.