Sura ya Tano: Mwendo wa Wauguzi

Mwaka 1976 Frank Speizer, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwatumia wauguzi wanawake wa Marekani dodoso kwa njia ya posta. Alitaka kujua vidonge vya uzazi wa mpango vina madhara gani baada ya miaka mingi. Wauguzi 121,700 wenye umri wa miaka 30 hadi 55 waliingia katika utafiti huo, na kila baada ya miaka miwili waliletewa maswali mapya. Walichaguliwa wauguzi kwa sababu ukimuuliza muuguzi habari za presha au uvimbe, anajua anachojibu.

Baadaye likaja suala la kutembea. Kila muuguzi alieleza anatembea kwa muda gani kwa wiki, na kama mwendo wake ni wa polepole, wa kawaida au wa haraka. JoAnn Manson na wenzake waliwafuatilia wanawake 72,488 wa miaka 40 hadi 65 kwa miaka minane, kuanzia 1986, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Waliotembea haraka kwa saa tatu au zaidi kwa wiki walipungukiwa na hatari ya mshtuko wa moyo kwa zaidi ya asilimia 30, wakilinganishwa na waliotembea kwa nadra. Hata walioanza mazoezi ukubwani walinufaika kuliko wenzao waliobaki wamekaa.

Ni kweli kwamba mwenye afya njema hutembea kwa urahisi zaidi, na huenda hilo likachangia tofauti hiyo. Watafiti walilijua, wakazingatia umri, uvutaji sigara na mambo mengine kabla ya kulinganisha. Faida ya kutembea ilibaki.

Haraka ni ipi? Kwa wauguzi hao, ilianzia kilomita 4.8 kwa saa, yaani mita 80 kwa dakika. Anayezunguka uwanja wa riadha wa mita 400 kwa dakika tano ameifikia. Pumzi nayo hutoa ushahidi: mtu anaweza kuongea na mwenzake, lakini kuimba kunamshinda. Mama anayepita sokoni akisimama kila meza kuuliza bei amechoka kwelikweli, ila moyo wake haujaipata kasi hiyo.

Umri wa wanawake hao una sababu zake za kuhitaji mwendo. Hedhi inapokaribia kukoma, homoni ya estrojeni hupungua. Lehemu mbaya huongezeka kwenye damu, mafuta hujikusanya tumboni, na mifupa hupungua uzito. Mwendo huijibu hali hiyo: misuli ya miguu huvuta sukari kutoka kwenye damu, na kila hatua huutwisha mfupa wa nyonga uzito wa mwili, nao hujiimarisha. Mwaka 2002, utafiti huohuo ulionyesha kuwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, waliotembea saa nne au zaidi kwa wiki bila zoezi lingine, walivunjika nyonga kwa asilimia 41 pungufu kuliko waliotembea chini ya saa moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini. Linaongeza siku mbili za kuimarisha misuli, kwa mfano kwa kusukuma ukuta au kuinuka kitini bila kujishika, kwa kuwa kutembea hakuitoshi misuli yote. Anayebanwa kifua akitembea amwone daktari kwanza.