Rojo la Kinoo na Makali ya Wembe

Wembe wa kukunja, yaani ule wa chuma unaoingia ndani ya mpini wake na ambao vinyozi waliutegemea kabla ya kuenea kwa nyembe ndogo za kubadilisha, hurudishiwa makali yake juu ya kinoo, na ubora wa kazi hiyo hutegemea sana namna mnoaji anavyolitumia rojo. Rojo ni maji yaliyochanganyika na chembe za jiwe, nalo hutengenezwa makusudi kwa kulowesha kinoo na kukisugua kwa kijiwe kidogo, aghalabu cha aina ileile, mpaka uso wake ufunikwe na maji mazito kama maziwa. Asiyeijua kazi huweza kudhani kwamba ni uchafu wa kufutwa, ilhali kwa vinoo vingi vya asili rojo ndilo linaloamua kama chuma kitalika haraka au polepole.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kinoo cha manjano kiitwacho coticule, kinachochimbwa katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, katika eneo la Vielsalm, ambako kijiji cha Salmchâteau kina jumba la makumbusho ya jiwe hilo. Tabaka zake ni nyembamba mno, na kwa sababu hiyo vipande vingi hugandishwa juu ya bamba la jiwe jingine ili visivunjike. Ndani yake zimo chembe nyingi za garneti, madini magumu ya jamii moja na tsavoriti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo ya Kenya, ingawa garneti ya Ubelgiji ni ya aina nyingine yenye manganizi. Chembe hizo zina ukubwa wa mikroni chache tu, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tena zina pande nyingi zinazokutana kwa pembe butu, kwa hiyo hukwangua chuma kwa kina kidogo na kuacha uso laini kuliko ambavyo ukubwa wake ungemfanya mtu atarajie. Zikiwa zimeshikwa ndani ya jiwe, ni sehemu yake ndogo tu inayogusa wembe. Zikiachiliwa ndani ya maji hubiringika, kila moja ikigeuza upande mpya, na kasi ya kunoa huongezeka mara moja.

Kasi hiyo ina gharama yake. Ncha ya wembe ulionolewa vizuri ina unene usiofika mikroni 1, na kila wembe unaposukumwa mbele, ncha hiyo nyembamba hugongana na chembe zinazoelea na kupoteza ukali kidogo. Hivyo hufika hatua ambapo kile kinacholiwa na jiwe katika pande mbili za makali hulingana na kile kinachoharibiwa na rojo kwenye ncha, na kuendelea kunoa hakuongezi kitu hata mtu akitumia saa nzima. Rojo likikauka na kuwa zito, madhara huzidi.

Ndiyo maana mnoaji stadi huanza na rojo zito kiasi na kumaliza na maji matupu. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali yake vyote vikigusa kinoo, ili pembe isibadilike, kisha husukumwa huku na huku kwa mkono mwepesi. Pande mbili za makali zinapokutana vizuri kutoka mwanzo wa wembe hadi mwisho, hudondoshwa tone moja au mawili ya maji, wembe hupitishwa tena mara kadhaa, maji mengine huongezwa, na rojo huzidi kuwa jepesi hadi kinoo kioshwe kabisa. Mpito huu ndio sehemu ngumu kuliko zote, kwa kuwa anayeongeza maji kabla ya wakati hulazimika kukamilisha kwa jiwe lililopungua kasi kazi ambayo rojo lingeifanya upesi. Mwishoni wembe hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia.

Japani nako kuna desturi hii. Vinoo vigumu vinavyochimbwa karibu na Kyoto husuguliwa kwa vijiwe viitwavyo nagura, na vile vya Mikawa hupangwa kwa madaraja, ili rojo la awali liwe lenye kasi na la mwisho liwe laini. Vinoo vya kiwandani, ambavyo hupangwa kwa namba za ukubwa wa chembe, havihitaji sana utaratibu huu, kwa kuwa anayetaka kasi huchukua namba ya chini na anayetaka ulaini huchukua ya juu.

Kwa mwenye kinoo kimoja tu cha asili, basi, rojo ni nyenzo ya lazima, na lisilaumiwe kwa wembe unaokwaruza shavu ikiwa mnoaji hakumaliza kazi yake kwa maji safi.