Barakoa Ipi? Kinga za Kazini na Kiswahili Chetu Fridley

Fridley, mji ulio ukingo wa mashariki wa mto Mississippi, kaskazini kidogo ya Minneapolis, ni mji wa viwanda. Cummins wana kiwanda chao hapo, na Medtronic pia wapo. Katika viwanda na maghala ya eneo hili wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo ambao Kiswahili ndicho lugha wanayoelewana kwayo. Kwa hiyo suala la vifaa vya kinga linatuhusu pia sisi wanachama wa klabu.

Kanuni ya kwanza ni kuanza na hatari, si na kifaa. Sheria ya Marekani inamtaka mwajiri akague kazi kwanza, kisha achague kinga inayolingana na hatari na inayomkaa vizuri kila mfanyakazi. Glavu ni mfano mzuri. Za ngozi humfaa mchomeleaji, lakini hunyonya kemikali. Kwenye mashine ya kutoboa inayozunguka, ni afadhali mikono mitupu, kwani glavu ikinaswa huvuta na mkono. Miwani nayo itazamwe alama: Z87+ maana yake imepimwa kuhimili kishindo kikubwa.

Masikio yanahitaji hesabu. Kelele ikifika wastani wa desibeli 85 kwa saa 8, mwajiri lazima atoe vizibo vya masikio. Kizibo kilichoandikwa 33 hakipunguzi desibeli 33. OSHA, idara ya usalama kazini, hushauri utoe 7 kisha ugawe kwa 2, unabaki na 13.

Hatari inayotuhusu zaidi imo katika neno moja: barakoa. Tangu siku za korona, neno hili limebeba kitambaa cha kushona nyumbani, barakoa ya N95 inayochuja angalau asilimia 95 ya chembechembe, na ile ya mpira yenye vichujio vya kemikali. N95 haizuii mvuke wa rangi wala wa viyeyusho. Mpaka rangi akiambiwa tu "vaa barakoa", anaweza kuvaa isiyomfaa na kuvuta sumu siku nzima akidhani amejikinga. Hata aliyepewa ya N95 au ya mpira apimwe kama inamkaa, na awe amenyoa, maana ndevu hupitisha hewa pembeni.

Mwaka 2010 OSHA ilisisitiza kwamba mafunzo ya usalama yatolewe kwa lugha na msamiati anaouelewa mfanyakazi. Kutikisa kichwa si kuelewa. Basi tunapotafsiri, tuseme "barakoa ya vumbi" na "barakoa ya mvuke", tutaje na aina ya kichujio. Walimu wetu watusaidie kusanifu istilahi hizi, na wafanyakazi wenyewe watuambie wanaziitaje. Anayezitumia kila siku ndiye mwalimu wa kwanza wa msamiati huu.